Salamu za Barua Isiyochomwa

Sitaliandika jina lake, na si kwa kuwa nimelisahau. Nimemjua tangu nina miaka tisa mpaka nywele zangu zimeanza mvi, na katika muda wote huo sikuona kitu alichokiogopa kama jina la mtu juu ya karatasi. Nge hakuwaogopa, wala madaktari. Lakini mpe karatasi yenye majina ya watu yamepangwa moja chini ya jengine, hata iwe orodha ya wapishi wa harusi, utamwona anaikunja haraka na kutazama mlango. Basi nami nitamwita tulivyomwita sote mtaani kwetu Ibra, huku upande wa Maskati, yaani Maalim. Ameshatangulia mbele ya haki, lakini adabu haifi na mtu.

Mimi mwenyewe si mwoga. Nimefanya kazi serikalini, Izki, zaidi ya miaka ishirini, na wakubwa wangu watakwambia ulimi wangu hauna pazia. Lakini kwa miaka sita bahasha ya Maalim ilikaa kabatini mwangu chini ya mashuka, na kila nilipofungua kabati lile nilihisi kuna mtu ndani ananisikiliza. Alinipa kwa mkono wake na akaniapisha kwamba akifa niichome bila ya kuisoma. Nikaapa. Yeye alichelea nisije nikaisoma, mimi nilichelea kilichomo, na hakuna kati yetu aliyethubutu kusema kwamba kuichoma nako kunatisha.

Watoto wa siku hizi wakisikia neno Maalim hudhani alisomesha Kurani. Alisomesha Kiingereza na tarikhi, skuli ya wavulana. Alasiri alitusomesha sisi wasichana nyumbani kwake, bure, mkewe kakaa kitako palepale anachambua mchele, maana ndivyo adabu ilivyotaka. Kitabu chetu hakikuwa cha skuli. Yalikuwa majuzuu matatu mazito yanayonuka naftalini, aliyoyanunua Maskati kwa mhandisi wa Kizungu aliyekuwa akifunga mizigo kurudi kwao. Ndani mlikuwa na barua za wanasiasa wa Marekani, za miaka thelathini hivi kabla ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe. Maseneta, mawaziri, magavana, mabwana wa mashamba ya pamba, wote wakiandikiana.

Hebu fikiria, wasichana wanane wa Ibra, mitandio imelowa jasho, tunasomeshwa malalamiko ya seneta wa Kusini juu ya ushuru wa forodha. Hatukuelewa kitu. Lakini Maalim alizisoma barua zile kama mtu anayesimulia ugomvi wa ukoo wake.

"Tazameni huyu," alikuwa akisema, kidole juu ya ukurasa. "Anamchukia mwenziwe mpaka kwenye kucha. Sasa tazameni alivyomalizia."

Na mwisho wa barua bwana yule ameandika kwamba yeye ni mtumishi wa mwenziwe, mtiifu kabisa. Maalim alicheka mpaka kofia ikamwenda upande. "Watumishi watiifu hawa! Wote walikuwa wakijua kunakwenda wapi. Wote. Na kila mmoja akikaa akitia wino kalamu yake na kuuliza hali za nyumbani."

Kicheko chake hakikudumu. Huo ndio mtindo wake, alicheka kisha akatazama mlango.

Barua zile alizifasiri kwa Kiswahili, kwenye madaftari ya skuli yenye mistari, mwaka baada ya mwaka. Hakuna aliyemuomba na hakuna ambaye angezisoma. Nikimuuliza kazi yote hiyo ya nini, alinijibu kwa maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo: "Vita havianzi kwa bunduki, mwanangu. Vinaanza kwa barua. Bunduki inakuja kusoma tu kilichokwisha kuandikwa." Nilidhani anasema juu ya Marekani.

Baadhi ya barua zilikuwa na onyo pembeni kwamba ni siri, na kwamba mpokeaji akisha kuisoma aichome. Tulipofika kwenye maneno hayo Maalim sauti ilimshuka. Siku moja nikacheka, nikamwambia, "Maalim, kama aliambiwa achome, mbona sisi tunaisoma?" Wenzangu wakacheka pia. Yeye akafunga kitabu, akainuka, akaingia ndani, na darasa la siku ile likaishia hapo. Mkewe akanitazama kitambo, ungo wa mchele mapajani, akasema, "Nenda kanywe maji, nawe." Nilikuwa na miaka kumi na minne, na nilirudi nyumbani nikiwa na hofu nisiyojua jina lake.

Kule skuli ya wavulana alipata taabu kwa ajili ya daftari la mahudhurio. Kaka yangu alisoma kwake. Walimu wote waliita majina kila asubuhi, na mtoto huitika. Maalim alihesabu vichwa. Alisimama mlangoni, akapitisha kidole hewani, akaandika thelathini na nne, basi. Mkuu wa skuli akamwita, akamuonya, akamwandikia. Maalim akaomba radhi, na kesho yake akahesabu vichwa. Mwisho wakampa karani wa kumuitia majina, na kaka yangu anasema kila karani alipoanza kuita, Maalim alitoka nje akasimama kwenye jua mpaka amalize.

Sisi tulimcheka. Mtaa mzima ulimcheka. Akialikwa harusini aliuliza kwanza, "Mnaandika majina mlangoni?" Siku moja mpwa wake alimtia kwenye grupu la ukoo la WhatsApp, watu mia na kitu, wa hapa na wa Sur na walioko ng'ambo. Maalim alipoona majina yale yanateremka kwenye kioo cha simu aliizima, akaitia ndani ya sufuria, akafunika kifuniko. Mkewe alipotaka kupika wali akaikuta humo. Tangu siku ile ukenda kwake kuzungumza jambo la maana, kwanza simu zote zinaingia sufuriani, yake na yako. Ungecheka, lakini ukishakaa pale nusu saa, na yeye anasema kwa sauti ya chini, unaanza kuitazama ile sufuria kwa jicho jengine. Woga wake ulikuwa wa kuambukiza. Hata mimi, ofisini kwangu, nikaanza kuchunga nani nimemtumia nini.

Wazee wetu husema barua ni nusu ya kuonana. Maalim aliongeza mkia wake: "Na nusu ya kukamatwa."

Usidhani lakini kwamba alikuwa mtu wa kujificha chini ya kitanda. Mwaka ule mvua ilipopiga siku tatu na wadi, lile bonde la mto mkavu, ikateremka kwa kishindo, bibi mmoja alinaswa na maji kwenye kibanda chake cha mbuzi kando ya mitende. Vijana wenye misuli wamesimama juu wanapiga picha. Maalim, kanzu kaifunga kiunoni, akaingia. Maji yalimfika kifuani, mkokoteni ukampita ubavuni, na akatoka na bibi mgongoni, na mbuzi mmoja pia, maana bibi alikataa kutoka bila ya mbuzi. Nilimpelekea supu jioni. Nikamwambia, "Maalim, wewe unaogopa kadi ya harusi, kumbe maji huyaogopi?"

"Maji hayasomi," akanijibu, akanywa supu yake.

Na kuna jambo jengine, ndilo lililonifanya nimheshimu kuliko wote walionisomesha. Nilikuwa nishaolewa, nikija Ibra Jumatano kwa soko la wanawake, na nikitoka sokoni nilipita kwake kumsaidia kusoma, maana macho yalikuwa yanamwacha. Siku hiyo nikamwambia jambo nililoliona kwenye zile barua. Wale mabwana wa Kusini waliandika juu ya ardhi, juu ya sheria, juu ya haki za majimbo yao, kurasa na kurasa, na jambo lenyewe hasa wanalogombania walilizungukia. Watumwa wakaitwa mali, au desturi yetu, au lile suala. Majina yao huyaoni.

"Ndiyo," akasema. "Umeona. Umechukua muda, lakini umeona."

"Na sisi je, Maalim? Sisi na mashamba yetu ya karafuu?"

Nilisema kwa ukali, na nilipokwisha kusema nikaogopa. Kwetu neno hilo halisemwi mbele ya mzee. Maalim akaisogeza kahawa yake pembeni.

"Na sisi pia," akasema. "Barua zetu zilijaa salamu. Nisalimie fulani, nisalimie fulani, ukurasa mzima. Tukiwasalimu watu wote wa nyumba isipokuwa waliokuwa wakipika. Sikuliona hilo mpaka nilipowasoma hawa Wamarekani. Miaka yote nikiuliza, wale watu walikuja kwetu na hasira ile wameitoa wapi?"

Hapo ndipo kwa mara ya kwanza nilipomsikia akitaja mapinduzi ya visiwani, yaliyowaleta wazee wetu huku, na hakuyataja hata kwa jina. Alisema tu wale watu walikuja.

Sasa nije kwenye salamu, maana ndipo tulipogombana. Kwetu sisi, mtu akikuaga hakwambii kwaheri tupu. Anakupa salamu. Nisalimie mama, nisalimie mumeo, nisalimie fulani na fulani, kila mtu na jina lake, na wewe umeshabebeshwa amana; ukifika huna budi uzifikishe, na anayefikishiwa hana budi akujibu. Maalim hakuwahi kunipa salamu za namna hiyo. Mlangoni alisema, "Nisalimie wa nyumbani," akafunga. Nilizaa watoto wanne, nikampelekea kila mmoja ambariki, akawashika vichwa, akawasomea, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumuulizia kwa jina lake. Niliudhika. Nikamwambia Mama, "Yule mzee wako hata majina ya wanangu hayajui."

Mama akasema, "Mwache. Kila mtu na lililomtia ufa."

Mama anajua habari za ufa. Alikuwa na miaka saba wakati babake alipochukuliwa kule visiwani, siku zile za mapinduzi. Babu yangu alikuwa fundi cherahani, mshona kanzu, mtu asiyekuwa na chama wala mkutano. Mama anakumbuka utepe wa kupimia ukining'inia shingoni mwake na vidole vyenye chaki. Walikuja watu wenye bunduki, wakamuita kwa jina lake kamili na jina la babake, akaitika kwa kuwa kaitwa. Hakurudi. Hakuna kaburi, hakuna cheti, hakuna picha. Bibi yangu alikufa hapa Ibra akiuliza swali lilelile: "Lakini wao jina lake walilipata wapi?" Nimekulia katika swali hilo, na Maalim, nyumba ya tatu kutoka kwetu, alilisikia kila siku aliyokuja kutujulia hali.

Bahasha alinipa mwaka aliofiwa na mkewe. Aliniita, akatia simu sufuriani, akaitoa ndani ya juzuu la pili la barua za Wamarekani. Ilikuwa nyepesi, ya rangi ya chai. "Hii niliambiwa niichome, sikuichoma," akasema. "Mimi siwezi tena. Nikifa, ichome wewe. Usiisome. Sema wallahi."

"Kwa nini mimi, Maalim? Una wapwa, una ndugu."

"Sema wallahi."

Nikasema wallahi.

Nikaileta Izki. Mwaka wa kwanza nilikuwa silali vizuri. Nilijiambia kuna siasa humo, kuna jambo litakalomfika mume wangu kazini, au wanangu. Nikajifanya nimesahau, kisha mtu akigonga mlango kwa nguvu jambo la kwanza ninalolikumbuka ni yale mashuka. Mara moja, nyumba haina mtu, niliwasha jiko la gesi na kuipeleka bahasha kwenye moto, kwa kuwa nilichoka kuogopa. Pembe moja ikashika. Nikaizima kwa kiganja changu, nikakaa chini jikoni nikalia, na hata sasa sijui vizuri nililia nini. Nikairudisha mahali pake, na kiganja nikakipaka asali.

Mwaka jana, siku za kuvuna tende, akanipigia simu mwenyewe, jambo ambalo hakulifanya kamwe. "Njoo nayo," akasema, akakata.

Kutoka Izki mpaka Ibra ni mwendo wa kama saa moja na nusu kwa gari, na bahasha nimeilaza kiti cha pembeni. Nilimkuta amelala kwenye godoro sebuleni, madirisha wazi, amekonda, macho hayaoni tena ila mwanga. Nikamwamkia.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja nayo?"

Nikamtia mkononi. Akaipapasa pande zote, kidole kikafika kwenye pembe iliyoungua. "Ulijaribu," akasema.

"Nilijaribu. Nisamehe."

"Bora ungemaliza." Kisha akatikisa kichwa. "La. La, afadhali hukumaliza. Ifungue. Nakufungua kiapo chako. Soma hapo mwisho tu. Huko juu ni siasa, na hiyo imekufa pamoja na wenyewe."

Ilikuwa karatasi moja, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kama walivyokuwa wakiandika wao, mkono mzuri. Ilitoka kwa sahibu yake aliyekuwa Pemba, na ilizungumzia uchaguzi na viti na nani kamgeuka nani. Pembeni, kwa wino mzito, paliandikwa: ukisha kusoma, choma. Nikafika mwisho. Nisalimie, nisalimie, nisalimie, watu tisa. Nikasoma kwa sauti, polepole. Jina la sita lilikuwa la babu yangu. Jina lake, na la babake, na baada yake: mwambie fundi wangu kanzu yangu aiweke tu, nitakuja kuichukua Idi.

Nikayahesabu upya, na la sita likawa lilelile.

"Sikuichoma kwa ajili ya salamu," Maalim akasema, uso kaelekeza juu. "Walikuwa watu tisa. Salamu ni amana, nikachelea nitasahau mmoja. Nikasema nikishamaliza kuzifikisha zote, nitaichoma. Nikaitia mfuko wa koti. Siku mbili nikafikisha mbili. Ya tatu wakaja. Mimi nilikuwa stoo nyuma ya magunia. Koti lilikuwa mlangoni. Mmoja wao alikuwa kasoma chuo cha Kurani, anajua herufi. Akayasoma yale majina kwa sauti, moja moja, kama anaita skuli. Mwengine akauliza, hawa ndio wenziwe? Akasema, ndio hawa, wote tisa. Niliyasikia yote. Sikutoka. Nilikuwa naogopa, mwanangu. Nilijikojolea, nikakaa. Wakaitupa barua chini wakenda zao. Katika wale tisa wanne hawakurudi."

Nilikuwa na jibu la swali la bibi yangu mkononi, na nilitamani nisingekuwa nalo.

"Wale waliorudi nao sikuwafikishia," akasema. "Ningewatazama vipi? Salamu saba zimenikaa kifuani tangu ujana wangu. Sasa nasikia miguu inapoa. Nataka nianze na yako." Akavuta pumzi. "Sahibu yangu anamsalimu babu yako."

Kila mtu aliyelelewa kwetu analijua jibu. Mtoto wa miaka minne analijua, na kulijibu ni wajibu. Maalim akageuza sikio upande wangu akangoja, na niliona kwamba hofu yote ya maisha yake, karatasi, milango, sufuria, ilikuwa ni hofu ya dakika hii. Nikaiweka barua juu ya mto wake. Nikainuka nikatoka. Hiyo ndiyo salamu pekee niliyowahi kuiacha bila ya jibu, na nimeiacha kwa mzee kipofu anayekufa. Sijifichi.

Nilifika Izki sijui vipi. Mama anakaa nami siku hizi. Alikuwa anapanga tende kwenye sahani. Nikamwambia yote kwa pumzi moja, magunia, koti, majina, kanzu. Niliogopa ataanguka. Hakuanguka. Akafuta vidole vyake kimoja kimoja kwa kitambaa.

"Na wewe ukajibu?"

"Sikujibu, Mama."

"Haikuwa yako kujibu. Hiyo ya kwangu mimi." Akatafuta viatu vyake. "Nipeleke."

"Leo? Mama, jua limeshapinda. Kesho asubuhi inshallah."

"Kesho asubuhi, lakini alfajiri. Asije akafa na salamu yangu."

Alfajiri tukaondoka, na njia nzima kuogopa kwangu kulikuwa kwa namna nyengine: sikujua mama yangu anakwenda kufanya nini. Tulipofika Maalim yu macho, barua ipo palepale juu ya mto. Alimjua kwa mwendo. Akajaribu kuinuka akashindwa.

"Binti wa fundi wetu," akasema.

"Usiniite hivyo kwanza. Barua iko wapi?"

Nikampa. Mama akavaa miwani, akaenda dirishani kwenye mwanga. Akashuka na kidole mpaka kwenye jina la sita, na kidole kikakaa hapo. Maalim akawa anatweta kama mtu aliyepanda mlima.

"Ichome," akamwambia. "Nakuomba. Iko hapo, ichome mbele yangu nisikie harufu yake."

"Nichome?" Mama akageuka. "Baba yangu hana kaburi. Hana cheti. Jina lake halikuandikwa mahali popote duniani ila hapa, na umelificha miaka sitini, na sasa unataka nilichome?"

Maalim akaanza kulia bila ya sauti, machozi yakimwingia masikioni kwa vile alivyolala.

Mama akaja akakaa kitako karibu na godoro. "Zifikishe," akasema. "Kama zinavyofikishwa. Zote na maneno yake."

Maalim akajikusanya. "Sahibu yangu anamsalimu baba yako. Anasema kanzu yake aiweke tu, atakuja kuichukua Idi."

"Alayka wa alayhis-salaam," Mama akajibu, iwe amani juu yako na juu yake. Kisha akaongeza: "Ilikuwa tayari ile kanzu. Mimi naikumbuka. Ilitundikwa ukutani imepigwa pasi, na hakuna aliyekuja kuichukua."

Sijapata kumuona mtu akipumua kama alivyopumua Maalim pale. Mama lakini ni mama yangu, na ulimi wangu sikuuokota njiani. "Nimejibu kwa kuwa kujibu ni wajibu," akamwambia. "Kusamehe ni mlango mwengine. Huo nipe siku." Akaikunja barua, akaitia mkobani mwake bila ya kumuomba mtu ruhusa. "Na hizi sita zilizobaki tutazitafutia wenyewe, au watoto wao. Mimi na huyu. Wewe tuambie tu nani alikwenda wapi."

Tukakaa mpaka adhuhuri. Alitaja, mimi nikaandika, na kila jina nililoliandika alitaka nimsomee. Mtoto mmoja wa aliyetajwa alihamia Sur, mwengine alisikia yuko Nizwa. Sauti yake ilikuwa ndogo, na mara mbili alinyamaza kusikiliza gari lililopita nje mpaka likapotea.

Tulipoaga nilimbusu mkono. Nilingoja lile neno lake la siku zote, nisalimie wa nyumbani. Maalim akageuza uso mlangoni kama ada yake, akasikiliza, kisha akanivuta karibu.

"Nisalimie Khalfani," akasema. Huyo ni mume wangu. "Nisalimie Zuwena, na mguu wake ulipona? Nisalimie Hilali. Nisalimie Rayya, mwambie asome. Nisalimie yule mdogo, Nasra, aliyezaliwa mwaka wa mvua."

Wote. Alikuwa akiwajua wote. Mama alikuwa ameshaingia garini, na mimi nikasimama kizingitini nikirudia majina ya wanangu kwa kidole, nisije nikasahau mmoja.

Nilipofika nyumbani nilizifikisha zote kabla sijavua baibui.